Mambo ya Nyumbani: Juma Moja la Kusi

Baada ya mazungumzo yetu yaliyopita, mke mmoja wa mvuvi wa hapa Bodo alinijia akaniuliza neno ambalo limenikaa moyoni. Alisema, "Mama, wewe hutuambia tupange chakula cha juma zima kwa fedha ya juma zima. Je, sisi tusio na fedha ya juma tupange nini? Mume wangu leo huleta changu watano, na kesho hurudi na wavu mtupu." Swali lake ni la haki, nami nakiri kwamba mashauri yangu mengi yalimfaa mwenye mshahara kuliko yeye. Na wenye mshahara huku si wengi tena. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, nyumba nyingi za pande hizi zilirudi kuitegemea bahari na shamba.

Basi leo nasema na nyumba ya mvuvi, na hasa katika miezi ya kusi, tangu Aprili hata Septemba, wakati bahari inapochafuka na chombo kidogo kisipothubutu kutoka nje ya mwamba.

Kosa letu kubwa ni kupanga juma kwa samaki. Samaki hana ahadi. Kitu chenye ahadi ni unga ulio ndani, kunde zilizo katika debe, mihogo iliyo shambani na majani yaliyo ukingoni mwa njia. Panga juma lako kwa hivyo, kana kwamba bwana hatapata kitu. Akipata, samaki na aingie chunguni mahali pa kunde, na kunde zikae hata kesho. Maana kunde kavu hazivundi, na samaki hulala mara moja tu. Wala usipike vyote viwili usiku mmoja kwa furaha ya siku ile.

Nalijua jambo hili kwa kuadhibiwa. Mwaka wangu wa pili wa ndoa, chombo kilirudi kimejaa siku mbili mfululizo. Nikanunua mchele mzuri, nyama ya ng'ombe, na kitambaa juu yake. Siku ya nne upepo ukageuka, na kwa siku tisa hapakuwa na chombo kilichoondoka. Jina langu likaandikwa katika daftari ya dukani, nalo halikufutwa mpaka kaskazi iliporudi. Deni la chakula ni baya kuliko madeni mengine, kwa sababu ukilipa huna cha kuonyesha, kimekwisha kuliwa.

Sasa tutazame nyumba ya watu saba, yaani wakubwa watatu na watoto wanne. Kwetu sisi juma la jikoni huanza Jumamosi na kuishia Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku ambayo kila mtu hutazamia chakula chema. Kilo 1 ya unga wa mahindi hutosha sima ya usiku mmoja. Basi kilo 6 ni za sima ya siku sita, na kilo 1 ni ya uji wa watoto asubuhi. Nunua kunde kilo 1 na pojo kilo 1. Kila nusu kilo ni kitoweo cha usiku mmoja, hivyo una siku nne. Siku mbili zilizobaki ni za mboga za majani pamoja na kipande cha ng'onda. Ijumaa ni wali wa nazi, na hapo ndipo mchele kilo 1 hununuliwa, si kabla. Mchana ni mihogo au viazi vitamu kutoka shambani.

Nazi moja kwa siku yatosha, ukijua kuikamua. Tui la pili, lile jepesi, ndilo la kuchemshia kunde. Tui la kwanza hutiwa mwisho, chungu kikikaribia kuteremshwa. Nimewaona wengine wakitia lote tangu mwanzo, kisha wakidai nazi mbili.

Kuhusu mboga, watu hudharau mchunga kwa uchungu wake, hali huota bure mara mvua inyeshapo. Uchanganye na majani ya kunde au matembele, utie tui, na uchungu utakuwa ladha. Kisamvu nacho ni chema, lakini kitwangwe sawasawa na kuchemshwa sana, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu. Vivyo hivyo muhogo mchungu usiliwe bila kulowekwa na kuanikwa. Hapa hapana mzaha, hasa katika nyumba yenye watoto wadogo wenye njaa ambao hawangoji.

Watoto hao msiwahofie kwa kukosa samaki siku nne. Kunde au pojo pamoja na sima ya mahindi hujenga mwili vizuri, kila kimoja kikijaza upungufu wa mwenzake. Na mkipata fedha kidogo, afadhali dagaa kuliko samaki mkubwa. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yake, na ndimo iliyomo chokaa ya kuimarisha mifupa na meno yao.

Tena bahari haijafunga milango yote wakati wa kusi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji hupwa mbali sana, na wanawake huweza kushuka pwani kutafuta pweza na chaza bila chombo. Tia alama siku hizo katika kalenda yako, upate kujua ni usiku gani kunde huenda zikapumzika. Pweza akizidi, muuze mmoja. Fedha yake iende kwenye unga wa juma lijalo, isiende kwenye sukari.

Kuhusu ng'onda niliyoitaja, msiitafute Mei. Mvua za masika haziachi samaki akauke. Huoza juani akiwa nusu. Ng'onda ya kusi hutengenezwa katika kaskazi, tangu Desemba hata Machi, wakati samaki ni wengi sokoni na bei imeshuka. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaeleza namna ya kumpasua, kiasi cha chumvi, na jinsi ya kumtunza asiingiwe na funza. Mwenye njia ya nyanya yake na aniletee mapema.