Artikle 15 haifuti kifungu cha 36



Kila mara maisha yanapokaza tunaambiwa: vijana, jitafutieni. Ni ile "artikle 15" ya mdomo, wazazi wetu waliicheka na wakaishi nayo. (Katika Katiba ya sasa kifungu cha 15 kinapinga ukatili wa kingono, hakina habari ya kujitafutia.)

Kujitafutia hatukatai. Benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, mwenye akiba yote kwenye konti alibaki mikono mitupu, na aliyetoa pesa yake kwa simu alikatwa asilimia. Wengi walipumulia kwenye likelemba: watu kumi wanaojuana, kila wiki makuta kidogo, kila mtu na zamu yake. Basi usiweke akiba yote pahali pamoja. Wakati wa mavuno nunueni gunia la maharagi na majirani, mgawane. Mwenye diplome asione haya kushona ao kufuga kuku. Mimi nafundisha watoto wa avenyu hesabu, juu digrii ya uchumi haijanilisha bado.

Lakini likelemba haijengi barabara, hailipi mwalimu. Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, na Serikali inapaswa kumkinga na ukosefu wa kazi. Mama muuza ndizi analipa kodi ya soko kila asubuhi. Anayeipokea, awe nani, abandike matumizi yake ukutani mwa soko, kwa Kiswahili.