Harusi Si Dawa ya Ulevi



Msomaji mmoja wa Muleba ameniomba nimtafutie kaka yake mke, binti wa Unguja mwenye dini na subira. Kaka anaishi Bukoba mjini, ana kazi yake, lakini kila jioni analewa. Alianza na rubisi, sasa ni gongo. Mwisho wa ujumbe aliandika jambo lisilosemwa kwao: kaka yake hajawahi kuvutiwa na wanawake, na mama anaamini ndoa itamaliza yote mawili.

Nimemjibu kwamba binti huyo sitamtafuta.

Hukumu ya dini inajulikana, sikuja kuibadilisha. Ninachouliza ni kwa nini kijana huyu anakunywa. Mwaka 2003 mtafiti Ilan Meyer wa Marekani alieleza mzigo wa ziada wanaobeba watu wa hali hii: kukataliwa, kungoja kukataliwa, kujificha kila siku, na mwisho kujichukia wenyewe. Kwetu ongeza sheria: adhabu ya kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu inafikia kifungo cha maisha. Atamwambia nani? Gongo haimuulizi kitu.

Sasa mwozeni. Mzigo utapungua? Atakuwa na mtu mwingine wa kujificha, tena ndani ya chumba chake. Na bibi harusi je? Somo atamfundisha udi, singo na adabu za chumbani, halafu usiku atalia akijilaumu kwamba labda yeye si mzuri. Wakwe wanaijua siri, yeye haijui. Ndoa yetu inasimama juu ya ridhaa. Asiyejua anachokiridhia, ameridhia nini?

Mtasema Muislamu humsitiri nduguye. Kweli. Basi msitirini kwa kutomwoza! Pasipo harusi, siri yake inabaki yake. Kumtwika binti wa watu siri hiyo bila kumwambia si sitara, ni hadaa.

Kagera inalijua funzo la aibu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa huko mwaka 1983, na kwa muda mrefu watu waliogopa hata kuutaja ugonjwa. Ukimya haukumponya yeyote.

Katika Bukhari imepokewa habari ya sahaba aliyeadhibiwa kwa ulevi zaidi ya mara moja. Mtu mmoja alipomlaani, Mtume (s.a.w.) alimkataza, akasema mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Adhabu ilipita, lakini mlango haukufungwa.

Kwa hiyo dada wa Muleba, kaa na kaka yako. Mwambie unampenda kabla hujataja chupa. Mpeleke hospitali, anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake, anaweza kupata degedege. Na gongo isiyopimwa ikiwa na methanoli hupofusha, hata huua. Mama naye aache kutaja harusi mbele yake kila siku.

Nawe bibi harusi mtarajiwa, ukiambiwa ndoa itamtuliza, uliza: itamtuliza na nini? Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki yako kabla ya kusema ndiyo.

Allah atusitiri sote na atupe huruma. Amin.