Weupe wa Maji Usitudanganye

Miji iliyo kandokando ya Ziwa Victoria inazidi kukua, na majitaka yake nayo yanaongezeka. Unapojengwa mtambo wa kuyasafisha, viongozi huuliza kwanza iwapo maji yatatoka meupe, bila harufu. Kwa maoni yetu swali hilo halitoshi. Maji yaweza kuwa meupe kabisa na bado yakabeba amonia itokanayo na mkojo na kinyesi. Ikifika ziwani, naitrojeni yake huwa mbolea ya mwani na ya magugumaji, ambayo yamewasumbua wavuvi wetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni kweli kwamba mashamba nayo yanachangia, lakini mbolea ya shambani haina bomba ambalo twaweza kusimama mdomoni pake tukapima.

Huko Uholanzi watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, akiwamo Profesa Mark van Loosdrecht, wameonyesha njia inayostahili kuangaliwa. Badala ya tope laini lielealo, bakteria hulelewa hadi washikamane wawe punje ngumu, zizamazo upesi hewa ikifungwa. Upande wa nje wa punje, palipo na oksijeni, bakteria huigeuza amonia kuwa naitreti. Ndani, oksijeni isikofika, wenzao huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ile ile iliyojaa katika hewa tuivutayo. Kazi iliyohitaji matangi kadhaa hufanyika katika tangi moja. Mtambo wa mji wa Epe ulizinduliwa mwaka 2012. Kabla yake ulijengwa wa majaribio Gansbaai, Afrika Kusini, kwa hiyo asitokee mtu wa kusema kwamba haya ni mambo ya Ulaya peke yake.

Hatusemi mabwawa ya majitaka yafukiwe. Penye ardhi ya kutosha, bwawa hufanya kazi bila umeme wala fundi mwenye shahada, na hizo si sifa ndogo. Punje zataka hewa kwa kipimo: ikizidi, oksijeni hupenya hadi ndani na naitreti hubaki, ikipungua, amonia haiguswi. Mji utakaonunua mtambo huo bila kuwafundisha waendeshaji wake utakuwa umenunua matangi tu.

Tunalodai ni kwamba masharti ya zabuni yataje kiwango cha naitrojeni kinachoruhusiwa kutoka bombani, kipimwe kila juma, na matokeo yabandikwe mahali wananchi watakapoyasoma. Mkandarasi achague mwenyewe bwawa au punje. Asiyeweza kukitimiza kiwango hicho asipewe kazi.