Swali la Mtoto Juu ya Kipindupindu

Katika mazoezi ya kufundisha ya muhula uliopita niliketi nyuma ya Darasa la Sita, kusikiliza somo la kipindupindu. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, aliyekwisha kuugua akapona, mbona aweza kuugua tena?" Mwalimu-mwanafunzi akajibu kwamba jambo hilo halimo kitabuni, akafuta ubao. Nami baadaye sikumsahihisha. Nilimsema kwa mwandiko wake tu. Kosa hilo ni langu.

Swali lile lina jibu. Kinga hufifia kadiri miaka ipitavyo, lakini si hilo tu. Bakteria wa kipindupindu amevikwa minyororo ya sukari juu ya utando wake wa nje. (Si sukari ya chai; watoto waambiwe mapema.) Baadhi ya jeni zake huongoza ujenzi wa minyororo hiyo, na nyingine huongoza kazi ya kuivusha kutoka ndani. Kinga ya mwili humtambua bakteria kwa minyororo hiyo, kama tumtambuavyo jirani kwa kanga yake kabla hajatugeukia.

Mwaka 1992, huko Madras nchini India, kulizuka kipindupindu cha aina mpya, iliyoitwa O139; mwaka 1993 kilikuwa kimeenea Bangladesh. Watu wazima wengi waliugua, ingawa walikuwa na kinga dhidi ya aina ya zamani, O1. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba jeni za sukari za O1 zimeondoka na mahali pake pamekaa nyingine. Bakteria alikuwa karibu yule yule. Vazi ndilo lilikuwa geni.

Wako wakufunzi wenzangu wasemao kwamba haya ni ya sekondari. Sikubaliani nao. Neno "jeni" laweza kungoja; swali la mtoto halingoji. Kundi moja litunge shanga kwa kufuata kadi ya rangi. Kundi la pili lipitishe nyuzi katika tundu la boksi na kuzifunga juu ya gunzi la hindi. Kundi la tatu, walinzi, liwe limekariri mpangilio wa rangi. Kisha mwalimu abadili kadi kwa siri, naye awatazame walinzi wanavyosita.

Hapo hapo aseme wazi kwamba maji yaliyochemshwa humuua bakteria wa vazi lolote, mtoto asije akarudi nyumbani akidhani hakuna kinga. Shanga zikikosekana, mbegu za rangi mbalimbali zafaa, ila zitobolewe jana yake.