Kuvaa vizuri si ubatili

Ndugu na dada zetu wa Lobule, Rhino Camp na Imvepi, na ninyi mnaofanya kazi na sisi kwenye mashirika: leo tunataka kuongea juu ya neno moja tu la Kiingereza, "vanity". Tunalisikia kwenye semina, tunalisikia kanisani, tunalisikia hata kwa wenzetu. Kijana amepiga shati pasi, dada amesuka nywele vizuri kwa picha ya Jumapili, mtu anasema: hiyo ni vanity. Neno likishatoka, mazungumzo yamekwisha. Sisi tunasema bado hayajaisha.

Neno hili limebeba mizigo miwili. Wa kwanza ni majivuno: mtu kujipenda kupita kiasi na kutaka asifiwe. Wa pili ni utupu: kazi isiyozaa kitu, jasho la bure. Mzizi wake ni Kilatini, "vanus", maana yake tupu. Wenzetu waliosoma Congo wanajua kwamba "vanité" ya Kifaransa nayo inabeba yote mawili.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ililiweka katika kitabu cha Mhubiri. Kwa Kiebrania, mahali hapo pana neno "hevel", yaani pumzi au mvuke, kitu unachokiona asubuhi ya baridi halafu hakipo tena. Lakini angalieni Mhubiri alikuwa anamsema nani. Alikuwa anasema juu ya kazi, mali, raha, hata hekima ya wakubwa, kwamba vyote vinapita. Hakuwa anamnyooshea kidole kijana mwenye shati moja zuri.

Kiswahili kimetusaidia hapa, juu kimetenganisha ile mizigo. Majivuno na maringo ni tabia ya mtu. Ubatili ni hali ya kitu: kura iliyoharibika ni batili, mkataba usiofuata sheria ni batili. Waislamu wenzetu wa Arua na Koboko wanajua pia kwamba batili iko upande wa pili wa haki. Sasa mtu anaweza kuringa sana na kazi yake ikaleta faida. Na mama mnyenyekevu kabisa anaweza kulima kijishamba chake, mvua ikakataa, jasho likaenda bure. Mambo haya mawili si lazima yatembee pamoja. Ukiyafunga kwa neno moja, unamwambia anayependeza kwamba hana kitu ndani, na hujamuuliza hata swali moja.

Kweli, wazee wetu nao waliona kwamba kuna majivuno yanayotoka kwenye utupu. Wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Lakini sikilizeni vizuri: methali inasema juu ya kelele. Haisemi kwamba debe lililosafishwa likang'aa ni tupu.

Mkitaka kuona majivuno na utupu vikikutana kweli, hatuhitaji kwenda mbali. Idi Amin ukoo wake ni wa Koboko hapa. Alijipa cheo cha Field Marshal mwaka 1975, akawa rais wa maisha mwaka 1976, akajiita mshindi wa Dola ya Uingereza. Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na vyeo vyote vile havikumsaidia mtu yeyote. Waliolipa ni watu wa kawaida wa West Nile, waliokimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu bila kosa lao. Wengi wa wenyeji tunaokaa nao leo wamewahi kuwa wakimbizi, au wazazi wao. Hayo ndiyo majivuno yanayostahili neno kali: yale yanayotaka wengine wote wawe chini.

Shati la kijana wa Lobule halimtaki mtu yeyote awe chini. Linamsaidia yeye asimame. Mtu aliyepoteza nyumba, shule na makaratasi, na bado asubuhi anachemsha maji, ananawa, anatia mkaa kwenye pasi, huyo hajivuni. Anakumbuka kwamba yeye ni mtu. Kwa Kiswahili hiyo inaitwa kujiheshimu, na ni neno zuri tu.

Kwa nini tunasema haya sasa? Juu mwaka 2023 chakula cha msaada nchini Uganda kilianza kutolewa kwa makundi matatu, kulingana na hali ya kila familia, na tangu hapo watu wanaogopa macho. Siku ya mtu kuja kuandika majina, kuna wanaoficha viatu vizuri na kuvaa nguo iliyochanika, ili wasije wakaambiwa "nyinyi mko sawa". Nguo ni ya mitumba, labda alitumiwa na dada yake, lakini inaanza kusoma kama ushahidi dhidi yake. Na huku Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, na kila semina inatuambia tujitegemee. Tukijitegemea kidogo mpaka tukanunua kiatu, kiatu kinageuka kosa. Tushike lipi?

Angalieni pia neno letu wenyewe, "bure". Kitu cha bure ni kile usicholipia. Kazi ya bure ni ile isiyo na faida. Na mtu tukimwita "bure kabisa", tumemtukana. Anayeishi kwa msaada hubeba maana zote tatu kwa siku moja: anapokea bure, anaonekana anakaa bure, mwisho anaanza kujiona yeye mwenyewe ni bure. Hapo ndipo shati lililonyooka linapofanya kazi yake.

Kwa vijana wenzetu, hatusemi kila kitu ni heshima. Kukopa pesa ya boda kwa miezi ili upige picha na simu usiyoweza kuilipia, au kumcheka mwenzako kwa sababu ya ndala zake, hayo ni maringo, na tuyaite hivyo bila kuogopa.

Kwa ninyi wa mashirika, ombi letu ni dogo. Msisome miguu yetu, tuulizeni. Ulizeni jana tulikula nini, watoto wangapi wako shuleni, nani mgonjwa ndani ya nyumba. Majibu yapo, na viatu haviwezi kuyatoa. Na kama mtu amejivuna, mwambieni amejivuna. Kama mradi umekuwa wa bure, semeni ni wa bure. Kila jambo lipewe jina lake, ili lile moja la Kiingereza lisitumike kutufunga midomo.