*Foleni ya Ijumaa ni moja: maoni ya katibu kabla ya mkutano wa Jumamosi*

Wanachama wa tawi,

Tangu Jumapili kuna ujumbe unaosambazwa humu kwamba kikundi cha kujitolea kinachokutana kwenye chumba nyuma ya kanisa, hapa kwetu Kayole, "kinalisha wageni na kuwaacha wenyeji". Baadhi yenu mmeomba tawi lisiandike barua ya kukiombea nafasi katika ukumbi wa kijamii. Kama mjuavyo, mwenye ploti amepandisha kodi, na mwisho wa mwezi huu kikundi hakitakuwa na pa kukutania. Haya ni maoni yangu, si uamuzi wa tawi. Uamuzi mtaufanya Jumamosi. Naomba mnisome mpaka mwisho.

*Kinachofanyika pale*

Jumanne wazee wetu hukutana, hunyoosha viungo na kupimwa presha na mhudumu wa afya ya jamii. Jumatano ni duara la waliofiwa na walioumizwa nyumbani, wakiwa na mshauri nasaha anayejitolea. Ijumaa hugawa unga, maharagwe na nguo. Jumamosi watoto hufundishwa. Wamo Wakongo na Warundi waliozoea kusoma kwa Kifaransa, na wamo watoto wetu waliobaki nyuma darasani. Anayewafundisha ni mwalimu mstaafu, mwanachama wa tawi hili.

Familia za wakimbizi husaidiwa pia kujaza fomu za usajili. Mama mgeni akienda hospitali, hupata mtu wa kumsindikiza na kumtafsiria.

Mimi mwenyewe nilikaa katika duara la Jumatano mwaka jana baada ya kumzika kaka yangu. Wiki sita sikuwa nalala. Kando yangu alikaa mama kutoka Uvira. Yeye hata kaburi la kulilia hana, kwa sababu alikimbia kabla ya maziko. Alinipa pole kwa Kiswahili cha kwao nami nikaelewa kila neno. Siku hiyo sikujiona mwenyeji wala kumwona yeye mgeni.

*Malalamiko yana msingi, lakini yameelekezwa pabaya*

Sitawaambia kwamba maisha ni rahisi. Kibarua kimepungua, karo inatushinda, na unga unanunuliwa kwa vipimo vidogo. Mzazi aliyekosa basari ana haki ya kukasirika. Lakini basari haigawiwi na Mkongo anayetembeza vitenge juani. Kamati zinazogawa tunazijua, na maswali yetu yapelekwe huko. Nitakuwa wa kwanza kutia sahihi.

Kuhusu foleni ya Ijumaa, nimekwenda nikasimama nayo mara tatu. Ni moja. Hakuna mstari wa wenyeji na mstari wa wageni. Anayetangulia ni mwenye mtoto mchanga, mgonjwa au mzee, hata awe wa kabila gani.

Kuna kosa moja ambalo kikundi kimekiri: zamani hakikuwa na daftari, na wapo waliochukua mara mbili. Sasa daftari lipo. Nimewaomba pia wabandike mlangoni kila mwezi walichopokea na walichotoa. Wamekubali.

*Sheria inasemaje*

Katiba yetu, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 43 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Imeandikwa "kila mtoto" na "mtu", haikuandikwa "mpiga kura". Tena tuna Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Mkimbizi aliyesajiliwa yuko hapa kwa mujibu wa sheria.

Wenye kumbukumbu wanakumbuka Aprili 2014, msako ulipoanzia Eastleigh na maelfu wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo hujificha. Hampeleki mtoto chanjo, na akiona uhalifu hasemi. Mtaa ambao majirani hawajuani hauna usalama kwa yeyote. Kikundi hiki kinatujuanisha, na hakijatuomba senti ya kaunti.

*Na sisi wanasiasa*

Hapa naomba niseme wazi. Mwaniaji mmoja ameahidi magunia ya unga kwa Ijumaa mbili, mradi yagawiwe na vijana wetu waliovaa fulana za chama na picha zipigwe. Mimi nimekataa na nitakataa tena Jumamosi. Mama akipokea unga mbele ya kamera ya chama, wiki ijayo jirani yake wa chama kingine hatakuja, hata kama watoto wamelala njaa. Tutakuwa tumekivunja kikundi ambacho hatukukijenga.

Mkimbizi hana kura 2027. Tukimsaidia hatupati chochote kwenye debe, na ndiyo maana jambo hili litaonyesha kama tuliyoyaandika kuhusu utu katika ilani yetu tuliyaamini.

*Ninachopendekeza Jumamosi*

1. Tawi liandike barua kwa mwakilishi wadi na msimamizi wa ukumbi wa kijamii, kikundi kipewe siku nne kwa wiki.
2. Atakayetaka kuchanga achange kwa jina lake, si kwa jina la chama. Bendera, fulana na picha zibaki nyumbani.
3. Wanachama watano wajitolee kwa zamu: wawili Ijumaa kwenye foleni, watatu Jumamosi na watoto.
4. Tuunde kamati ndogo ya kufuatilia basari za wadi, ili hasira yetu iende inakostahili.

Anayenipinga aje anipinge ukumbini, tutasikilizana. Lakini kabla ya kuja, apitie pale Ijumaa, asimame kwenye foleni nusu saa tu, aulize walio mbele yake na nyuma yake wanatoka wapi.

Mkutano ni saa nane mchana, mahali petu pa kawaida. Tufike mapema.

Wenu,
*Katibu wa Tawi*