Acheni Kuita Bodi ya Elfu Moja Kichezeo

Wiki hii nimeitwa "fundi wa vichezeo". Aliyeniita hivyo ana digrii, na sina shida na digrii yake. Nilikuwa nimeweka video ya dakika mbili nikionyesha ESP32 ikipima maji kwa tangi la ploti yetu na kunitumia ujumbe kwa simu. Programu yote ni kama mistari arobaini, nimeiandika kwa MicroPython. Msee akaja akasema eti huo si uhandisi. Mhandisi wa kweli anaandika kwa C, na sisi watu wa Python tunaharibu vijana. Watu wakampigia makofi.

Nilinyamaza siku tatu. Sasa nijibu.

Kwanza, kwa wale hawajawahi kuiona hii kitu. ESP32 ni chipu iliyotolewa mwaka 2016 na Espressif, kampuni ya Shanghai. Ikiwa kwa bodi yake inaingia kwa kiganja na nafasi inabaki. Ina kumbukumbu ya kilobaiti 520, waifai na Bluetooth. Kwa maduka ya Nairobi unaipata kwa karibu elfu moja. MicroPython nayo ni Python iliyopunguzwa ikatoshea kwa vifaa vidogo kama hivi. Ilianzishwa na Damien George, mwanafizikia wa Australia, mwaka 2013.

Ukishaiweka kwa bodi, unachomeka USB, unaita Pin, unaandika taa = Pin(2, Pin.OUT), halafu taa.on(). Bonyeza Enter. Kwa bodi nyingi, ile taa ndogo ya buluu inawaka hapo hapo. Hakuna kungoja kompyuta ikutafsirie faili nzima ndio ujue kama umekosea. Ukikosea inakuambia ni mstari gani, unarekebisha, unajaribu tena. Na enyewe hilo jina "taa" nimechagua mimi. Python haijawahi kukataa Kiswahili.

Sasa hoja ya C. Ni kweli MicroPython iko polepole kuliko C, na inakula kumbukumbu zaidi. Ukitengeneza breki za gari ama mota za droni, tafadhali nenda kwa C, maisha ya watu yako hapo. MicroPython yenyewe imeandikwa kwa C, kwa hivyo mimi sina vita na hiyo lugha. Hata kuhesabu maikrosekunde za mwangwi kutoka kwa kihisi changu, natumia amri moja, time_pulse_us, na kazi ndani yake inafanywa na C. Lakini tangi letu linajaa kwa saa mbili. Nikilipima kila dakika nimepima kupita kiasi. Hiyo kasi mnayonidai ni ya kukimbilia wapi?

Hoja ya pili: eti mambo yakiwa rahisi, kijana hajifunzi misingi. Wacha niwaambie vile mimi nilijifunza misingi.

Kihisi cha HC-SR04 hutuma sauti ambayo masikio yetu hayasikii, ikagonga maji, ikarudi. Unachukua ule muda, unazidisha kwa mwendo wa sauti, karibu mita 343 kwa sekunde, unagawanya kwa mbili kwa sababu sauti imeenda na imerudi. Hapo nilielewa. Ambacho sikuelewa ni kwamba kihisi hicho hurudisha volti 5, na pini za ESP32 zimetengenezewa volti 3.3. Nikaunganisha waya moja kwa moja. Ikafanya kazi siku kadhaa, halafu pini ikafa.

Dawa yake ni rezista mbili za kugawanya volti. Fizikia ya sekondari kabisa. Hilo swali nililifanya kwa mtihani nikapata alama zote, na bado nikaua pini! Siku hiyo ndio nilijua sikuwa nimeelewa, nilikuwa nimekariri. Bodi ya elfu moja ilinisahihisha kuliko kalamu nyekundu yoyote.

Chuoni je? Niliandika programu kwa karatasi, kwa biro, nikikatwa alama kwa kusahau nukta-mkato. Kwa maabara tulikuwa umati kwa meza moja, na wa mbele ndio waliona. Sitadanganya ati niliacha kwa ajili ya msimamo. Karo iliisha. Lakini semista zote nilizokaa, sikuwahi kushika bodi hata moja nikaambiwa: hii ni yako, enda nayo nyumbani, uiharibu ukijifunza.

Na sasa nifike pale panauma, maana mimi pia nimo ndani.

Kila mwaka, ikikaribia siku za kuwasilisha miradi ya mwaka wa nne, inboksi yangu hujaa. "Buda, nitengenezee mfumo wa kumwagilia mimea. Niko na elfu kumi na tano." Nimefanya miwili. Nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba, na hiyo ndio sababu, sina nyingine. Wenye miradi walipita wote. Mmoja alinipigia usiku kabla ya kuwasilisha akaniuliza, "Hii waya nyekundu ni ya nini?" Leo ana digrii ya uhandisi, na mimi ndio fundi wa vichezeo.

Sitaki huruma. Nilichouza ni uongo, na siuzi wa tatu. Lakini jiulizeni: mtu anakaa miaka minne aje bila kujua waya nyekundu? Yule jamaa si mjinga. Hakuwahi kupewa kitu cha kushika. Angepewa bodi mwaka wa kwanza, acheze nayo, aichome, anunue ingine, hangekuwa na haja ya kunitafuta.

Wenzetu waliona hili mapema. Mwaka 2016 Uingereza, BBC na washirika wake waligawa karibu bodi milioni moja za micro:bit, bure, kwa watoto wa miaka 11 na 12. Ile micro:bit ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu, na MicroPython ilitoshea. Hakuna aliyewaambia hao watoto wangoje kwanza wajue C.

Sisi mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu za darasa la kwanza. Kufika 2016 zikawa tableti. Mwaka 2022 serikali ikatangaza mtaala wa kuandika programu shuleni. Mtaala ni sawa, siupingi. Lakini binamu yangu yuko Gredi ya 9, na kwa daftari lake kuna mchoro mzuri sana wa kompyuta. Ameuchora kwa rula. Huo ndio mguso wake wa karibu zaidi na teknolojia muhula huu.

Bodi kumi ni elfu kumi. Ongeza elfu tano ya waya, taa na vihisi. Kompyuta moja ya zamani inatosha kuziandikia zote kwa zamu. Kuna shule ngapi zinatumia zaidi ya hiyo kwa hema na viti vya siku ya wazazi? Na msiniambie mwalimu hajui. Mwalimu akae na wanafunzi, taa ikikataa kuwaka watafute pamoja. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kufundisha kwa mchoro kitu kinachouzwa bei ya mfuko mmoja wa simiti.

Kabla ya hiki kichezeo, pampu yetu ilikuwa inawashwa kwa kukisia. Ama maji yanamwagika usiku mzima, ama kina mama wanaamka saa kumi na moja wanapata tangi limekauka. Siku hizi kea-teka anaangalia simu.

Kwa hivyo, ndugu mwenye digrii, nakuheshimu na nakualika. Pitia kwetu. Nitakupa bodi, kihisi na rezista mbili. Wewe leta C yako, mimi na Python yangu. Tuone nani ataambia majirani maji yamefika wapi kwanza. Ukinishinda, nitaweka video ya pili nikisema hivyo, na hiyo C nitakuomba unifundishe.